Tabarca: kisiwa cha Hispania ambacho mji wake ulijengwa kwa ajili ya mateka (uzi wa wanaotaka kwenda)

MvuviNchiKavu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nimepita kwenye ule uzi wa likizo za Ulaya, kila mtu anataja Barcelona, Ibiza na Mallorca utadhani Hispania imeishia hapo. Mimi naishi Alicante, kusini mashariki, na ndugu wakija kutembea ombi lao huwa moja: tupeleke baharini mahali pasipo na maghorofa. Ombi gumu hilo. Kuanzia Benidorm kushuka hadi Torrevieja pwani imejaa zege, hoteli imebanana na hoteli. Kwa hiyo huwa nawapandisha boti tunakwenda Tabarca.

Kwa wasiopajua: kisiwa kina urefu wa mita 1,800 hivi na upana usiofika nusu kilomita. Hakina kilima. Ukiwa mbali unaona mstari tu juu ya maji, halafu kanisa na mnara wa taa vimechomoza. Mji uko upande wa magharibi, umezungushiwa ukuta wa mawe. Katikati kisiwa kinabana, bandari ikiwa kaskazini na ufukwe kusini, na hapo ndipo migahawa ilipojipanga. Upande wa mashariki hakuna makazi: uwanda mkavu, mnara wa San José, mnara wa taa wa mwaka 1854, na mwisho kabisa makaburi. Magari hakuna, ukiacha moja mawili ya kazi kama kubeba taka. Wakazi wa kudumu ni kama 50 tu. Kiutawala ni sehemu ya jiji la Alicante, ingawa bandari iliyo karibu zaidi ni Santa Pola.

Usafiri. Kutoka Santa Pola ni nusu saa au pungufu, na boti zipo mwaka mzima. Kutoka bandari ya Alicante ni kama saa moja, na nje ya msimu wa joto zinapungua sana. Torrevieja nako kuna boti za msimu. Nauli ya kwenda na kurudi huwa kati ya yuro 15 na 25, inategemea bandari na msimu. Uwanja wa ndege wa Alicante uko kati ya Alicante na Santa Pola, kwa hiyo ukitua mapema unaweza kwenda moja kwa moja.

Ushauri wangu wa kwanza, na wa pili, na wa tatu: Agosti usiende. Nenda Mei, nenda Oktoba, nenda siku ya kazi. Beba kofia na maji, kwa sababu ukishatoka kwenye ukuta wa mji hakuna kivuli hata cha dawa.

Historia yake nitaiweka chini, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi.

BadoNauli

Nimeweka kambi hapa mkuu. Sina nauli ya kufika Kibaha ila endelea.

BintiMakorora

Kaka mimi nimeona video zake. Kijiji kidogo cha wavuvi, kuta nyeupe, madirisha ya bluu, paka wamelala mlangoni. Kimenivutia kweli. Swali langu ni je, uhalisia uko hivyo au ni kamera tu?

MvuviNchiKavu

Dada, paka wapo tena wengi, na madirisha ya bluu yapo. Ila hilo la "kijiji kidogo cha wavuvi" ndilo ninalotaka kulipinga. Kijiji cha wavuvi hukua chenyewe: huyu kajenga hapa, mjukuu kaongeza chumba, njia ikapinda kukwepa mti. Tabarca haikukua hivyo. Ilichorwa mezani na mhandisi wa jeshi, Fernando Méndez, ikajengwa kwa amri ya mfalme kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Ndiyo maana mitaa yake imenyooka. Ukisimama katikati ya mji unaona upande hadi upande.

Haya, historia. Vuteni viti.

Mwaka 1535 Mfalme Charles wa Tano, aliyetawala Hispania, aliteka Tunis. Miaka michache baadaye kisiwa kingine kidogo, kinaitwa Tabarka, kwenye pwani ya Tunisia karibu na mpaka wa Algeria wa leo, kikakabidhiwa ukoo wa Lomellini wa Genoa ili wavue marijani. Wakaletwa wavuvi na familia zao kutoka pwani ya Liguria, Italia. Wakaishi pale karibu miaka 200, Wataliano ndani ya mlango wa Afrika, wanauza marijani na kufanya biashara na Waarabu wa bara.

Mambo yakaanza kuharibika. Marijani yalipungua, watu wakazidi. Mwaka 1738 kundi moja lilihamia kisiwa cha San Pietro huko Sardinia na kuanzisha mji wa Carloforte, ambao upo hadi leo. Waliobaki ndio yaliyowakuta: mwaka 1741 mtawala wa Tunis alivamia kisiwa na kuwachukua mateka. Miaka 15 baadaye Algiers ikaipiga Tunis, na wengi wa mateka hao wakabebwa kama sehemu ya nyara kupelekwa Algiers. Hesabuni wenyewe. Mtu aliyekamatwa akiwa kijana alizeeka kifungoni, na kuna watoto waliozaliwa humo humo bila kujua maisha mengine.

Mwaka 1768 Hispania na Algiers wakakubaliana kuachiana mateka, na Mfalme Carlos wa Tatu akawajumuisha hawa Watabarka. Takriban watu 300 wakaletwa Alicante. Wakawekwa katika jengo la Wajesuti (shirika la mapadre wa Kikatoliki), ambalo lilikuwa wazi kwa sababu Wajesuti walikuwa wamefukuzwa nchini mwaka uliotangulia. Mwaka 1770 wakahamishiwa kwenye kisiwa kilichokuwa hakina mtu, kikapewa jina la Nueva Tabarca.

Msidhani ilikuwa huruma tupu. Kisiwa hicho kilikuwa maficho ya maharamia kutoka pwani ya Afrika Kaskazini, wakijibanza hapo wakisubiri kuvamia vijiji vya bara. Mfalme alitaka ukuta, mizinga na watu wa kukaa nyuma ya ukuta. Watu waliokombolewa hawana kwao, hawana pa kurudi, ndio hao.

ChapaKaziMuscat

Aisee. Kwa hiyo umetoka utumwani kwa maharamia halafu unapewa nyumba kisiwani uwe wa kwanza kukutana na maharamia wakirudi?

MvuviNchiKavu

Umeisoma vizuri kuliko wanaotembeza wageni huku, mkuu.

MtuWaKibokoni

Assalaam alaykum jamaa. Mimi ni wa Mji wa Kale, Mombasa, na mambo ya ngome hayanipiti.

Niongeze hapo. Fort Jesus yetu ilianzwa kujengwa 1593, wakati huo Ureno na Hispania ziko chini ya mfalme mmoja, Philip wa Pili, mtoto wa huyo huyo Charles wa Tano aliyeteka Tunis. Na aliyeichora alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Kwa hiyo ukuta wa Mombasa na ukuta wa Tabarca ni mkono wa taji moja, ingawa umepita muda wa karibu miaka 180 kati yake. Tofauti ni kwamba Fort Jesus ilipiganiwa kwelikweli, imebadilisha mikono mara chungu nzima. Hiyo ya kwenu ilipigana na nani?

MvuviNchiKavu

Wa alaykum salaam kaka. Hilo swali limekaa pazuri, kwa sababu jibu ni karibu hakuna. Mpango wa mwanzo ulikuwa mkubwa, pamoja na ngome upande wa mashariki ambayo haikujengwa. Enzi za maharamia zikaisha, fedha zikaisha, na katika karne ya 19 jeshi likaondolewa. Mnara wa San José ukafanywa gereza, baadaye ukawa kituo cha askari. Kilichobaki ni wale watu, na wao wakafanya waliyoyajua: bahari.

Ukuta wenyewe una ugonjwa wake. Mawe yalichimbwa hapo hapo, kwenye kijisiwa kinachoitwa La Cantera kilicho mbele ya lango la magharibi. Ni mawe laini. Nenda kwenye lango la San Rafael, lile unaloingilia ukitokea bandarini, upitishe kiganja ukutani: punje za mchanga zinabaki mkononi. Upande unaopigwa na upepo wa bahari jiwe limeliwa kuingia ndani, saruji iliyounganisha ndiyo imebaki imesimama nje. Vipande vipya vya ukarabati unavitambua kwa sababu kona zake bado kali. Malango yako matatu, mengine mawili ni San Miguel na San Gabriel, na mimi napenda la San Gabriel kwa kuwa liko mwisho wa mji na wengi huchoka kabla ya kulifikia.

MsafiriMchoyo

Wakuu niwe mkweli, mimi nilipelekwa huko na wenyeji wangu na sikuona cha maana. Tulifika mchana wa Agosti, foleni ya boti, foleni ya choo, foleni ya meza. Ufukwe ni mdogo, watu wamelaliana. Tukakaa mgahawa mmoja tukaletewa wali wa watu wawili uliokuwa umepoa kwa bei ambayo ningekula wiki nzima. Nikasema kama huu ndio uzuri wa Hispania basi nirudi zangu Bagamoyo.

Kijiji gani hicho chenye wakazi 50 na wageni maelfu? Hiyo ni menyu yenye kanisa.

BadoNauli

😂😂 "Menyu yenye kanisa." Nimeipenda bure.

MvuviNchiKavu

Mkuu sikatai. Katika kilele cha joto wanaingia maelfu kwa siku, na kisiwa hakina maji, choo wala pipa la taka la kuwatosha. Wenyeji wenyewe wanalalamika kila mwaka kwamba kelele ni za kwao na faida ni ya bara. Ndiyo maana nikasema Agosti usiende, nikasema mara tatu.

Lakini hapo kwenye "sikuona cha maana" tutabishana. Karibu kila anayeshuka kwenye boti hufanya safari ileile: bandari, ufukwe, meza, boti. Hiyo ni mita 200. Ulivuka kwenda upande wa mashariki? Ulifika makaburini?

MsafiriMchoyo

Nani anaenda likizo kutembelea makaburi?

MvuviNchiKavu

Mimi. Soma majina. Ruso, Parodi, Luchoro, Chacopino, Manzanaro. Majina ya Kitaliano yameandikwa kwa tahajia ya Kihispania kama makarani walivyoyasikia. Zaidi ya miaka 250 imepita, na ukishuka Santa Pola au Alicante bado utayakuta majina hayo kwenye milango ya maduka na kwenye visanduku vya barua. Kule Carloforte, wale wenzao waliotangulia bado wanaongea Kigenoa chao hadi leo. Hapa kimekufa, watu wanaongea Kivalencia na Kihispania. Kilichobaki ni majina tu, na kwangu hicho kinatosha kunitembeza kwenye jua.

MamaNasra

Kaka Mvuvi, shukrani kwa uzi. Tunaishi Leicester, tunafikiria kuja wakati wa mapumziko ya shule ya Mei. Nina watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Maswali yangu ya kimama: chakula cha halali kikoje, watoto wataweza kuogelea, na kuna mahali pa kuswali?

MvuviNchiKavu

Karibu sana dada.

Chakula: kisiwa kimejengwa juu ya samaki, hilo linakurahisishia. Chakula chao cha heshima kinaitwa caldero. Samaki wa miambani wanachemshwa na ñora, zile pilipili nyekundu za mviringo zilizokaushwa zisizowasha, pamoja na nyanya na kitunguu saumu. Kwanza unaletewa samaki na viazi, pembeni kuna mchuzi mzito mweupe wa kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Ukimaliza ndipo unaletewa wali uliopikwa kwa ile supu, wenye rangi ya kutu na harufu ya zafarani. Sahani mbili kutoka sufuria moja. Muulize tu mhudumu kama wametia divai, na kaa mbali na wali wa nyama mchanganyiko kwa kuwa nguruwe huku huingia kila mahali bila kubisha hodi. Mara nyingi caldero hupikwa kuanzia watu wawili na huchukua muda, kwa hiyo agiza ndipo uende kutembea, usisubiri njaa ikukute mezani.

Watoto: ufukwe mkuu una mchanga, na siku isiyo na upepo maji ni tulivu. Pembeni kuna vighuba vidogo vya mawe, maji yake yanaonekana hadi chini. Wavalishe viatu vya maji, kuna kokoto na kuna urchini, yaani wale viumbe wa miiba tunaowakanyaga kwetu. Mei maji bado ya baridi, wa Leicester mtavumilia.

Kuswali: hakuna msikiti kisiwani. Misikiti iko Alicante. Ila ule uwanda wa mashariki ni kimya na mpana, hakuna atakayekusumbua.

MamaNasra

Wa Leicester tutavumilia, umesema kweli 😄. Na jua je? Mume wangu ana kipara.

MvuviNchiKavu

Shemeji avae kofia asibishane. Miti kisiwani inahesabika.

NahodhaMstaafu

Vijana, mimi nimevua Pemba na nimevua Mafia hadi mgongo ukakataa. Mmezungumza ukuta na wali. Samaki wenyewe vipi? Wanavua kwa mtindo gani?

MvuviNchiKavu

Shikamoo mzee wangu.

Zamani kazi kubwa ilikuwa jodari. Walikuwa na kitu kinaitwa almadraba: nyavu kubwa zinasimikwa baharini kwa nanga na maboya kwenye njia ambayo jodari hupita kila mwaka, samaki anafuata ukuta wa nyavu, anaingia chumba kimoja, cha pili, hadi cha mwisho ambacho hakina mlango wa kutokea. Wavuvi wanazunguka na mashua na kuinua nyavu kutoka chini. Watabarca walisifika kwa ustadi huo, hata wakawa wanaitwa kwenda kuongoza almadraba za pwani nyingine. Ya hapa ilisimama mwaka 1960. Ghala lake la vifaa ndilo leo limekuwa makumbusho ya kisiwa, liko karibu na ufukwe, na watu wanalipita wakidhani ni choo.

NahodhaMstaafu

Marahaba. Sasa hapo nimekuelewa kabisa, huo ni wando. Sisi wa kwetu tunausimika kwa fito kwenye maji ya kupwa na kujaa, wao wameupeleka kina kirefu kwa nyavu. Akili ile ile: samaki akigonga uzio hageuki nyuma, anaufuata. Na siku hizi?

MvuviNchiKavu

Siku hizi uvuvi umebanwa, mzee, na kwa sababu nzuri. Mwaka 1986 bahari inayozunguka kisiwa ilitangazwa hifadhi ya bahari, ya kwanza Hispania nzima. Imegawanywa kanda. Kuna eneo ambalo huruhusiwi kuvua wala kuogelea, na kuna maeneo ambapo wavuvi wadogo wa asili wanaruhusiwa kwa zana maalumu. Matokeo unayaona ukivaa miwani na mrija tu: chewa wakubwa wasioogopa mtu, makundi ya mizia, samaki wa mistari ya dhahabu wanakula majani kama mbuzi.

Na hayo majani ndiyo kiini cha yote. Yanaitwa posidonia. Si mwani, ni mmea kamili wenye mizizi, maua na matunda, unaota chini ya maji na kufanya malisho mapana. Samaki wanazaliana humo. Mawimbi yanapunguzwa nguvu humo. Majani makavu yanatupwa ufukweni, yanalundikana kahawia, na wageni wanakunja pua wakiuliza kwa nini manispaa haifagii. Lile lundo ndilo linalouzuia mchanga usiondoke na dhoruba za majira ya baridi. Nanga ya mashua ya starehe ikikokotwa juu ya malisho hayo inang'oa kilichochukua miaka mingi mno kukua, maana mmea huu unakwenda sentimita chache kwa mwaka.

NahodhaMstaafu

Kwetu nako majani ya bahari yakiondoka, tasi anaondoka. Hilo halihitaji shule.

BintiMakorora

Kaka, nimesoma mahali kuna pango chini ya mji. Kweli?

MvuviNchiKavu

Kweli. Linaitwa Llop Marí, liko upande wa kusini, chini ya ukuta, na mdomo wake uko usawa wa maji. Zamani walikaa humo sili watawa wa Mediterania, wanyama wa baharini wanaokula samaki. Sasa hawapo tena pwani hii, walimalizwa karne iliyopita kwa kuwa wavuvi waliwaona wezi wa nyavu. Usiingie humo kwa kuogelea kama bahari ina mawimbi, dari ni la chini. Siku ya mawimbi ukae tu juu ya ukuta usikilize, pango linanguruma.

ZungukoLaUpanga

Wakuu mimi niko Valencia kwa masomo, nimelala Tabarca mwisho wa Oktoba. Niseme upande mwingine. MvuviNchiKavu anasifu siku za kawaida, sawa, lakini hajasema kwamba nje ya msimu nusu ya milango imefungwa. Nyumba nyingi wenyewe wako bara, wanakuja wikiendi na kiangazi. Jioni nilizunguka mji mzima nikakutana na watu wachache kuliko paka. Mkahawa uliokuwa wazi ni mmoja, mkate uliisha mapema. Usiku ni mzuri mno, nyota zote ziko pale na taa za Alicante na Santa Pola zinawaka ng'ambo. Ila anayetaka "kijiji chenye maisha" asije Oktoba, na MsafiriMchoyo hajakosea sana kuuliza kijiji gani hicho.

MvuviNchiKavu

Nakubaliana nawe karibu yote. Kisiwani hakuna kazi nyingine zaidi ya wageni, na kijana akimaliza shule anapanda boti. Kanisa la San Pedro na San Pablo lipo, limekarabatiwa, zuri, lakini ibada ni za nadra.

Kama unataka kuwaona Watabarca wenyewe wakiwa wengi, kuna siku mbili. Mwishoni mwa Juni kuna sikukuu ya San Pedro, mlinzi wa wavuvi, na tarehe 16 Julai ni ya Bikira wa Carmen, ambapo sanamu inatolewa kanisani, inapandishwa kwenye mashua na kuzungushwa baharini huku mashua nyingine zikifuata. Wenye asili ya kisiwa wanaoishi bara hurudi. Siku hizo nyumba zimefunguliwa, vikongwe wamekaa vitini nje ya milango, watoto wanaitwa kwa majina yale yale niliyoyasoma makaburini. Wageni nao watakuwa wengi, hilo huna la kufanya.

ChapaKaziMuscat

Mkuu mambo ya visa. Mimi ni Mtanzania mwenye ukaazi wa Oman. Naingia tu au vipi?

MvuviNchiKavu

Huingii tu. Pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda inahitaji visa ya Schengen (visa ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya), na ukaazi wa Oman haukuondolei sharti hilo. Faida yake ni kwamba unaombea huko huko Muscat unakoishi kihalali. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, watoto wa miaka 6 hadi 11 nusu yake. Unatakiwa kuwa na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, uthibitisho wa malazi, tiketi na taarifa za benki. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15, miadi ya kiangazi hujaa mapema. Hata dada MamaNasra, kama ana pasipoti ya Kiafrika na ukaazi wa Uingereza, naye anahitaji visa. Mwenye ukaazi wa Ujerumani, Ufaransa au nchi nyingine ya Schengen ndiye anayekuja na mkoba wake tu.

MamaNasra

Mimi na watoto tuna za Kiingereza, baba yao bado. Nimemwonyesha hili bandiko, kanyamaza kimya.

MsafiriMchoyo

Haya, tuseme nimekubali kurudi. Nipe ratiba ya mtu asiyependa foleni wala makaburi.

MvuviNchiKavu

Jumanne ya Mei, boti ya kwanza kutoka Santa Pola. Ukishuka usiende ufukweni wala mjini, geuka kushoto moja kwa moja hadi mnara wa taa wakati jua halijapanda. Makaburi utayaona kwa mbali, hayakulazimishi. Rudi kwa njia ya upande wa kusini ukiingia maji kwenye kighuba chochote kitakachokupendeza. Pita mgahawani agiza caldero, kisha uingie mjini kwa San Rafael utokee San Gabriel. Rudi ukale. Baada ya hapo makumbusho ya almadraba yakiwa wazi, kisha ulale mchangani kama wengine mpaka boti yako.

Kabla ya yote, angalia upepo. Ukivuma wa mashariki kwa nguvu boti zinasimama, na zikisimama mchana walioko kisiwani wanakaa huko huko hadi bahari ikubali. Asubuhi ya safari uliza pale kibandani wanapouza tiketi, wanajua kuliko simu yako.

MsafiriMchoyo

Sawa. Bei ya huo wali kwa watu wawili sasa hivi?

ZungukoLaUpanga

Mgahawa niliokula mimi walitoza kwa kichwa, zaidi ya yuro 20 kila mmoja, kinywaji pembeni. Beba mkate wako.

BadoNauli

Nimeanza kuweka akiba leo. Nimebakiza nauli, visa, bima, malazi na wali.